Mbwa ndani ya mwizi

"El ladrón entró por la ventana sin hacer ruido."

Sentensi hiyo niliisoma kwa sauti mwezi wa Novemba, tumekaa barazani Mji Mkongwe tukingoja mvua ya vuli ipungue. Mgeni wangu alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Valencia, mama wa rika la mama yangu, ambaye mkoba wake haukosi kitabu cha hadithi. Kwa siku tatu alikuwa amekisikiliza Kihispania changu, sokoni Darajani na kwenye mashamba ya viungo, na siku hiyo akataka nisome badala ya kusema. Nikasoma. Matamshi aliyapitisha. Kisha akaniuliza nimefahamu nini.

Nikamwambia mbwa ameingia kwa dirishani bila kelele.

Hakucheka. Alikilaza kitabu mapajani, akaliwekea kidole lile neno la pili, akaniuliza mbwa nimemtoa wapi. Nikamweleza. Kubweka ni ladrar. Na Kihispania kina tabia hii: llorar ni kulia, na mtoto wa kulialia ni llorón, mirar ni kutazama, na mtu wa kukodolea wenzake macho ni mirón, dormir ni kulala, na mpenda usingizi ni dormilón. Basi ladrar, ladrón. Hesabu hiyo sikuipiga mimi. Ilinijia imeshapigwa.

Ladrón ni mwizi. Kwa mambo ya wizi mimi nilikuwa na robar tu, yaani kuiba, ninalolitumia kuwaonya wageni wafunge mikoba yao.

"Mwanangu," akaniambia, "ndani ya ladrón hamna mbwa. Sisi hatumwoni."

Mvua ikakatika, tukashuka barazani, safari ikaendelea. Yeye alirudi kwao baada ya siku mbili. Lile "hatumwoni" likabaki na mimi wiki nzima, kisha mwezi, kisha nikaanza kulitafutia jibu usiku kwenye simu.

Bila kelele

Kukosea neno si jambo. Ninakosea kila siku na wageni wananisahihisha. Kilichonikereketa ni kwamba maneno matatu ya mwisho, sin hacer ruido, niliyafahamu barabara. Yanasema bila kupiga kelele. Nilikuwa na mbwekaji asiyebweka mkononi, na bado sikumwachia. Maana ilikuwa inabisha hodi upande wa pili, na mimi nimeshamkaribisha mbwa.

Maana yake kulikata neno vipande kulitangulia kulielewa.

Kama ndivyo kwangu, mwanafunzi, je kwake yeye aliyesoma Kihispania miaka zaidi ya sitini? Alisema hawamwoni mbwa. Simtilii shaka, alisema analolijua. Lakini mtu hujua kiasi gani kuhusu jicho lake mwenyewe? Mimi sijui ninavyosoma "msomaji". Sijawahi kujikuta nikitenga m-, som-, -a-, -ji. Ninaona msomaji, basi. Na bado mtu akinitungia neno ambalo halipo, tuseme "mdundizaji", nitalielewa papo hapo kama nimelizoea tangu utotoni, jambo lisilowezekana kama ningekuwa nayasoma maneno mazima mazima tu.

Kwa hiyo kuna kazi inafanyika na hatuambiwi.

Sehemu moja ya ishirini ya sekunde

Watafiti wa usomaji wana njia ya kulichungulia hilo, na nilipoielewa nililala saa nane usiku. Unakaa mbele ya kompyuta. Inatokea safu ya alama za reli, #####, kwa nusu sekunde hivi. Kisha neno la herufi ndogo, kwa milisekunde 50 au pungufu, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Papo hapo linafunikwa na neno la herufi kubwa. Kazi yako ni kubonyeza kitufe: hili la herufi kubwa ni neno halisi, au si neno? Ukiulizwa baadaye, utaapa kwamba hukuona neno lolote katikati.

Lakini kidole chako kimeliona. Kama neno lile lililofichwa linahusiana na la pili kwa namna ambayo akili inaijali, utabonyeza mapema zaidi. Tofauti yenyewe ni milisekunde ishirini, thelathini.

Mwaka 2004 Kathleen Rastle na wenzake walitumia njia hii kwa Kiingereza, na matokeo yao ndiyo yaliyonifanya nikae kitako. Cleaner inaharakisha clean. Hilo ungelitarajia, ni mtu na kazi yake. Lakini corner inaharakisha corn karibu kwa kiasi hichohicho, ingawa kona haina mahindi. Brothel, danguro, na broth, supu? Karibu hakuna kitu. Kisa ni nini? -er ni kiambishi cha Kiingereza, -el siyo. Jicho lilipokutana na corner liliona kitu kinachofanana na kiambishi tamati, likakikata, likabaki na corn, bila kumuuliza mtu kama inaleta maana.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko hapo. Tangu mwaka 1975, Marcus Taft na Kenneth Forster walikuwa wameshatoa hoja kwamba msomaji humenya viambishi awali kwanza, kama maganda, ndipo analitafuta neno kichwani.

Nilipofika hapo nilimwona mbwa wangu anasimama. -ón ni kiambishi. Ladr- ni mzizi wa kubweka. Mahindi ndani ya kona, mbwa ndani ya mwizi.

Foca na foco

Lakini hicho ni Kiingereza, na yule mama ni wa Valencia. Nikaendelea kutafuta mpaka nikafika Tenerife, kisiwa cha Wahispania kilichoko karibu zaidi na Afrika kuliko Ulaya. Huko Chuo Kikuu cha La Laguna kina kundi la watu walioifanyia kazi lugha yao wenyewe. Mwaka 2004 Alberto Domínguez, Manuel de Vega na Horacio Barber walitoa utafiti ambao hawakutegemea vidole. Waliwavisha wasomaji vipokezi vya umeme wa ubongo kichwani.

Kuna wimbi ambalo ubongo hulitoa kiasi cha milisekunde 400 baada ya neno kuonekana. Neno likiwa limeandaliwa njia, wimbi hupungua. Likija bila kutarajiwa, hupanda. Wao wakawaonyesha watu jozi kama hijo na hija, mtoto wa kiume na mtoto wa kike: wimbi likapungua, ndugu wametambuana. Wakawaonyesha foco na foca. Foco ni taa. Foca ni mnyama wa bahari za baridi. Hawana undugu hata wa mbali, wamegongana mzizi tu.

Mwanzoni wimbi likapungua kwao pia, kana kwamba ubongo umesema: hawa ni familia moja.

Kisha likapanda, limechelewa.

Niliisoma sehemu hiyo mara tatu. Ubongo wa Mhispania, anayesoma lugha ya mama yake, kwa kitambo kidogo unaichukulia taa na mnyama kuwa ndugu, halafu unagundua, halafu unarekebisha, na mwenye ubongo hana habari. Najua kwamba -o na -a za namna hii ni jambo jepesi kuliko -ón au -ero, na jozi ya ladrar na ladrón sikuikuta katika utafiti wowote niliousoma. Lakini lile "hatumwoni" la yule mama lilianza kupata sura nyingine. Yawezekana kabisa humwona, na humfukuza kabla hajabweka.

Mimi sikuwa na wa kumfukuza. Neno la mwizi halikuwemo kichwani mwangu lije kusema, toka, hapa ni pangu.

Mpaka uko wapi

Ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya, kwa sababu wiki ya tatu niligonga ukuta.

Mwaka 2007 Jon Andoni Duñabeitia, Manuel Perea na Manuel Carreiras walichapisha majaribio ya Kibaski na Kihispania yaliyonivutia kwa ufundi wake. Inajulikana kwamba ukibadilishana herufi mbili za katikati, msomaji halijali sana. Unaweza kuandika "kitbau" na mtu akakisoma kitabu. Wao wakauliza: itakuwaje herufi hizo zikiwa kila moja upande wake wa mpaka, moja ya mzizi, moja ya kiambishi? Chukua mesonero, mwenye nyumba ya wageni: mesón na -ero. Badilisha n na e, upate mesoenro. Herufi mbili tu, lakini umevuruga ukuta wa kati wa nyumba. Matokeo yao: faida ya kawaida, yaani neno lililovurugwa kuliharakisha lile sahihi, ilitoweka herufi zinapovuka mpaka. Zikibaki ndani ya mzizi, ipo. Nikafurahi. Huu ulikuwa ushahidi kwamba mpaka ule upo kweli ndani ya jicho.

Miaka sita baadaye Claudia Sánchez-Gutiérrez na Kathleen Rastle wakarudia, kwa Kihispania na Kiingereza pamoja. Herufi zikavuka mpaka, zikabaki ndani, faida ileile. Ukuta haukuonekana. Na mwaka 2014 kundi la kwanza lenyewe likarudi kwenye swali, safari hii likitazama pia kasi ya wasomaji mmoja mmoja.

Kwa siku kadhaa niliacha kusoma. Nilikuwa nimeshajenga hadithi nzuri kichwani, mbwa anaingia, mbwa anafukuzwa, na sasa watu wale wale niliowategemea hawakubaliani mpaka uko wapi na nani anauona.

Kilichonirudisha ni kuutazama upya mpaka wenyewe, katika neno la kawaida kabisa. Zapatero, fundi viatu. Mzizi ni zapat-, kiambishi ni -ero. Sasa litamke kwa silabi kama Mhispania: za-pa-te-ro. Mpaka wa maana umepita katikati ya silabi "te". T ni ya kiatu, e ni ya fundi, na mdomo umezifunga pamoja. Panadero, mwoka mikate, vilevile, pa-na-de-ro. Na silabi kwa Mhispania si kitu cha kupuuza: tangu mwaka 1993 Carreiras, Carlos Álvarez na de Vega walionyesha kwamba neno linaloanza na silabi iliyoenea sana huchelewa kutambuliwa, kwa sababu maneno mengi yanayoanza hivyo hujitokeza kwa pamoja yakigombania nafasi. Basi msomaji ana visu viwili, kimoja cha sauti na kimoja cha maana, na havikati mahali pamoja. Sishangai tena kwamba majaribio yanapishana. Naamini kukata kupo, na kwamba ni kwa mapema mno. Kwa upande wa kisu kipi kinatangulia, kwa msomaji yupi, kwa neno lipi, bado wanavutana, na wana haki ya kuvutana.

Mwanakondoo na kamba

Hii sehemu ni ya wenzangu wanaojifunza.

Kihispania kina kanuni moja ambayo mwalimu akikufundisha unajiona umepewa ufunguo wa mji. Katika maneno mengi, mkazo ukihama, ue hurudi kuwa o, na ie hurudi kuwa e. Puerta ni mlango, portero ni bawabu, ndiye pia golikipa. Diente ni jino, dentista ni daktari wake. Hierro ni chuma, herrero ni mhunzi. Fuerte ni -enye nguvu, fortaleza ni ngome. Ukishaijua, maneno yanafunguka yenyewe ukurasa mzima.

Kisha unakutana na cordero.

Cuerda ni kamba. Ue inarudi o, tunapata cord-. -Ero ni mtu wa kazi. Cordero, basi, ni fundi wa kamba! Kila hatua ni sahihi. Mwalimu angekupa alama zote. Na cordero ni mwanakondoo, asiye na undugu wowote na kamba. Msokota kamba ni cordelero.

Kadiri unavyoijua kanuni vizuri ndivyo unavyonaswa. Mtu asiyejua kitu angeuliza tu, cordero ni nini? Ni yule aliyesoma kwa bidii ndiye anayepita na kamba yake mkononi. Ndiyo maana siku hizi mgeni au mwenzangu akikosea namna hii sisemi amekosa umakini. Amekata kama wenyewe wanavyokata. Amepungukiwa na lile neno la kuja kumsahihisha, na hilo haliji kwa akili, linakuja kwa kukutana nalo mara nyingi.

Na viambishi vyenyewe havina dhamana. -Ón ileile ya llorón humfanya silla, kiti, kuwa sillón, kiti kikubwa cha kuegemea. Apagar ni kuzima, apagón ni umeme kukatika. Pelo ni nywele, na pelón ni nani? Ni asiye na nywele. Rata ni panya mkubwa, ratón ni panya mdogo. Ungemlaumu nani?

Kukata kunasaidia hata hivyo, na husaidia zaidi pale msomaji anapohangaika. Cristina Burani na wenzake walionyesha mwaka 2008, kwa Kiitaliano, kwamba watoto wenye disleksia, ugumu wa kusoma, husoma vizuri zaidi maneno ya kutunga yaliyojengwa kwa mzizi na kiambishi halisi kuliko yale yasiyo na viungo. Wanashika vipande. Mimi sina disleksia, lakini najua vilivyo hisia ya kushika vipande.

Kitabu, vitabu

Hapo ndipo nilipogutuka kwamba ushahidi niliokuwa nikiutafuta Tenerife ninao mdomoni.

Kitabu ni neno la Kiarabu. Ki- yake si kiambishi. Ni ya mzizi, k-t-b, uleule wa katibu na maktaba. Lakini waliolipokea waliona ki- mbele ya neno la kitu, wakalikata, wakasema vitabu. Hakuna aliyekaa kikao. Vivyo hivyo kipilefti, kutoka kwenye kibao cha barabarani, imezaa vipilefti. Kiambishi kilionekana pasipokuwa na kiambishi, na lugha nzima ikakubali. Sisi hatukumfukuza mbwa wetu. Tulimpa chumba.

Na kuna upande wa pili wa jambo hili, ulionipa faraja. Alcalde ni meya. Yule mama akilisoma anaona meya tu. Mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilimwona kadhi, kwa sababu ndiye: al-qadi, Waarabu waliwaachia. Katika azúcar naiona sukari. Fulano ni fulani wetu. Hata hasta yao, mpaka, inatoka katika hatta ileile tuliyoifanya hata. Ninakata mahali ambapo wao wameshaacha kukata kwa miaka mia kadhaa, na safari hii ninachokiona kipo kweli.

Kamusi ya familia

María Moliner, mkutubi aliyezaliwa mwaka 1900, alitunga kamusi ya Kihispania iliyotoka mwaka 1966 na 1967 katika mabuku mawili. Badala ya kufuata alfabeti kikamilifu, aliyapanga maneno kwa familia zake, ndugu chini ya paa moja. Toleo la pili, mwaka 1998, yeye ameshafariki, liliyatawanya ndugu hao kwa alfabeti ili yatafutike kwa urahisi. Naelewa sababu. Ila moyo wangu uko na toleo la kwanza. Hata kamusi zetu zinafanya nusu kwa nusu: pikia na pikisha utawakuta kwa pika, lakini mpishi umtafute kwenye M, peke yake, kama mgeni. Robert Schreuder na Harald Baayen waliona mwaka 1997, kwa Kiholanzi, kwamba neno lenye ndugu wengi hutambuliwa haraka zaidi. Kichwa kinajua ukoo hata kamusi isipoujua.

Basi nimejitengenezea daftari. Kila ukurasa ni nyumba moja: zapato, zapatero, zapatería, pan, panadero, panadería. Na ukutani kwa nje, kwa wino mwekundu, ninaandika wanaofanana na wenye nyumba bila kuwa ndugu. Cordero nje ya cuerda. Ladrón nje ya ladrar. Kwa Kilatini wale wawili walikuwa latro na latrare, majirani wa sauti tangu huko. Latro mwanzoni alikuwa askari wa kukodiwa.

Neno moja lilinishinda kulipangia mahali. Ventana, dirisha, kutoka ileile sentensi ya barazani. Kihistoria ni la viento, upepo. Ie imerudi e kama kanuni inavyotaka. Lakini je, yuko ndani bado, au ameshahama? Nikamtumia yule mama ujumbe wa sauti Valencia: señora, ukisema ventana, unausikia upepo?

Alijibu baada ya siku mbili. Alisema hapana, kamwe, na kwamba alishangaa kuulizwa. Kisha alimuuliza mjukuu wake wa miaka saba, aliyekuwa pale anachora. Katika ujumbe namsikia mtoto anajibu bila kuinua kichwa:

"Claro, abuela. Por ahí entra el viento."

Kwani si ndiyo, bibi. Upepo unaingilia hapo.